KAZI YA MIKONO: Wote tupime toka pembe moja



Mwezi huu tunaanza pale mama anapikia. Akiisha kupika mboga, mara nyingi kunabakia kopo moja ya tomate tupu karibu na mbabula. Msiitupe bado. Ioshe, ondoa karatasi yake, kiisha uiangalie kwa kando. Kama ni kopo ya namna ile yenye kifuniko juu na kifuniko chini, utaona mustari mwembamba wenye kutoka juu mpaka chini. Pale ndipo bati lilizungushwa na ncha zake mbili zikakutana. Pitisha kidole: utasikia kidogo tu. Ndani ya kopo wameufunika mustari ule na rangi kusudi chakula kisiguse chuma. (Kopo ya bia haina mustari, juu ile inavutwa kwa kipande kimoja kama sufuria. Leo hatusemi juu yake.)

Katika mustari ule, bati linapanda juu ya mwenzake karibu nusu ya milimetre. Nusu tu! Chukua rula ya mutoto wa masomo, tafuta milimetre moja, kiisha uikate mbili kwa macho. Ni nafasi ile tu yenye kuzuia chakula kisitoke na uchafu usiingie.

Mimi niliyeandika nilifanya kazi miaka kazaa, nikiwa kijana, katika kiwanda kimoja cha makopo. Watu walikuwa wakiniuliza: «Kazi ya nguvu pale ni gani?» Wanafikiri ni moto, ao makelele, ao kubeba. Nawajibu kila mara: kazi ya nguvu ni kulaza bati mahali pake. Bati likilala vizuri, mashini inafanya yote. Bati likilala vibaya, hakuna mashini yenye kukuokoa.

Madini yetu ndani ya kopo

Kwanza tujue kopo ni kitu gani. Ni chuma chembamba sana, mara nyingi karibu milimetre 0.2, sawa na karatasi mbili za daftari zenye kupandana. Juu ya chuma kile wanapaka etaini, madini nyeupe, pande zote mbili. Kipimo kimoja cha kawaida ni gramu 2.8 kwa metre moja ya mraba: ni kama chumvi ya nusu kijiko cha chai unayoitawanya juu ya meza kubwa. Etaini ile inatoka katika kasiteriti. Wasomaji wetu wa Manono na wa Kalima wanaijua kunipita, juu babu zao waliichimba wakati wa Géomines na wa Symétain.

Na shaba? Shaba haimo ndani ya kopo, lakini bila shaba kopo haifungwi. Mashini yenye kusude ule mustari inapitisha umeme kati ya magurudumu mawili, moja ndani ya kopo na moja inje. Kati ya gurudumu na bati kunapita waya ya shaba, yenye kutembea bila kusimama. Kwa sababu gani? Etaini inayeyuka upesi, kwa digri 232 tu, wakati chuma bado ni kigumu. Kama magurudumu yangegusa bati yenyewe, etaini ingeshikamana nayo na kuyachafua, na umeme ungepita vibaya. Ile waya inabeba uchafu na kwenda nao. Inafanya kazi kwa upande wake mumoja kwa gurudumu la juu, inageuka, inafanya kwa upande wa pili kwa gurudumu la chini, kiisha inakatwa vipande vipande na kurudishwa kuyeyushwa. Kampuni ya Soudronic ya Uswisi ndiyo inajulikana sana kwa mashini za namna ile.

Basi, wewe baba wa Kolwezi ao wa Likasi, shaba unayoichimba inakwenda mbali sana, lakini siku moja waya ya shaba ndiyo ilifunga kopo ya maziwa ya mutoto wako.

Zamani walikuwa wakifunga mustari ule kwa risasi yenye kuyeyushwa. Risasi ni sumu, inaharibu zaidi akili ya watoto. Kule Marekani viwanda viliiacha katika makopo ya chakula mwaka 1991, na serikali ikakataza kwa sheria mwaka 1995. Kama nyumbani munayo kopo ya zamani sana yenye mustari munene wa kijivu, msipikie ndani, msipimie chumvi. Ifanyeni ya misumari.

Bati moja kwa mara moja

Mabati yanafika kiwandani yakipangwa kama karatasi, mamia juu ya kibao kimoja. Kazi ya kwanza ni kutoa bati moja. Moja tu. Unaona ni rahisi? Jaribu kufungua daftari mupya kwa vidole vyenye mafuta: kurasa mbili zinatoka pamoja. Mabati vilevile. Yanakuwa na mafuta kidogo juu yao, ni laini kama kioo, hewa haipiti katikati, yanashikamana kama ndugu wenye kuogopa giza.

Mashini ina wasaidizi watatu juu ya kazi ile. Musaidizi wa kwanza ni sumaku yenye kusimama kando ya fungu. Sumaku inaingia ndani ya mabati yote kwa namna moja, na vitu vyenye sumaku ya namna moja vinasukumana. Basi mabati ya juu yanaachana yenyewe, yanaelea moja juu ya mwenzake kama mikate ya chapati yenye mvuke katikati. Musaidizi wa pili ni hewa yenye kupuliza kwa kando. Musaidizi wa tatu ni vikombe vidogo vya mpira vyenye kunyonya: vinashuka, vinanyonya bati la juu, vinalipandisha na kulipeleka mbele.

Hata hivyo mara moja moja mabati mawili yanatoka pamoja. Ndiyo maana mbele ya visu kunawekwa mulinzi: chombo chenye kupima unene. Kikikuta unene ni mara mbili, mabati yale yanatupwa kando, ao mashini inasimama. Kisu kilichopangwa kwa 0.2 hakiwezi kula 0.4 bila kuumia.

Mutu wa kulisha mashini, sisi tulimuita mulishaji, wengi wanamuona kama mutu wa chini. Hana cheo, mushahara wake ni mudogo. Lakini yeye ndiye anafuta vikombe vya mpira kila asubui, anaangalia kama mpira umechoka, anakataa fungu lenye pembe zilizokunjwa, anafunika mabati wakati wa mvua kusudi yasishike kutu. Akifanya vizuri, hakuna mutu atamusifu. Akikosea, kiwanda kizima kitamujua jina.

Misumari mitatu

Sasa bati limetoka, linafika mbele ya visu. Litajua namna gani mahali pa kulala?

Fanyeni jaribio hili nyumbani pamoja na watoto. Twaa kibao na karatasi moja ya daftari. Piga musumari mumoja katika kibao na kusukuma karatasi mpaka iuguse. Karatasi imetulia? Hapana, inazunguka. Piga musumari wa pili katika mustari mumoja na wa kwanza, karatasi iguse yote miwili kwa ubavu wake mrefu. Sasa haizunguki tena, lakini inateleza kwenda kushoto na kuume. Piga musumari wa tatu kwa ubavu mufupi. Sukuma karatasi iguse misumari yote mitatu: imesimama! Iondoe, rudisha, ondoa, rudisha: kila mara italala pale pale.

Mashini kubwa ya mamilioni inafanya vile tu. Vizuio viwili mbele, kizuio kimoja kando, na vidole vya chuma vyenye kusukuma bati polepole mpaka liguse vyote vitatu. Kiisha visu vinakata.

Mutoto mwerevu atauliza: «Baba, kwa nini tusipige misumari minne, pande zote, kusudi iwe na nguvu zaidi?» Ni ulizo zuri. Jibu ni hili: mabati hayana ukubwa mumoja kabisa. Moja linaweza kuzidi mwenzake kwa milimetre moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na ni ruhusa. Ukifunga pande zote nne, bati kubwa litabanwa na kukunjika, bati dogo litachezacheza. Tatu zinatosha. Pande zingine uziache wazi, kosa la ukubwa liende kule lisipo na hasara.

Wale mafundi wenye kutengeneza mbabula na ndoo za kumwagilia bustani, wanaokaa chini ya muembe na nyundo na mukasi, wanajua jambo hili bila kusoma. Mwangalie mumoja wao. Mbele ya kukata, ananyoosha kwanza ubavu mumoja wa bati, anatengeneza pembe moja ya sawasawa, na vipimo vyote anavitoa pale. Hapimi kimoja toka kuume na kingine toka kushoto. Akifanya vile, mulango wa mbabula hautafunga.

Basi hii ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu: vipimo vyote vitoke kwa pembe moja. Na sheria ya pili inafuata: kila mutu mwenye kugusa bati lile kiisha wewe, apime toka pembe ile ile.

Sheria ya pili ndiyo nilijifunza kwa shida. Niwaelezee.

Barua ya kufukuza

Katika kiwanda chetu bati lilipita mikono ya watu watatu mbele ya kuwa kopo. Watu wa kwanza walipaka verni, ile rangi ya zahabu unayoiona ndani ya kopo. Hawapaki bati lote: wanaacha mistari mitupu, pale ambapo bati litakatwa na kusudiwa, juu verni inazuia umeme. Kila kipande cha kopo kilibakiwa na nafasi tupu ya milimetre mbili hivi kwa kila ncha. Watu wa pili walikata. Watu wa tatu walisude.

Asubui moja makopo yakaanza kutoka mabaya. Mustari ulikuwa na matundu, na moshi wa verni iliyoungua ukajaa. Mashini ya kusude ilikuwa ya mwendo: makopo kupita 400 kwa dakika moja. Fanya hesabu: dakika kumi tu, makopo 4,000 ya kutupa. Tulisimamisha yote. Shefu akashuka.

Watu wa kusude wakasema: ni watu wa visu. Watu wa visu wakasema: visu ni salama, ni mulishaji analaza mabati vibaya. Mulishaji hakuwa na mutu wa nyuma ya kumusukumia kosa. Alikuwa kijana, miezi mine tu katika kazi.

Shefu akamuambia: «Njo weye unapotosha mabati!»

«Hapana, shefu. Ninaweka vile munanionyeshaka.»

«Basi nani? Mashini inalewa?»

Kijana hakujibu. Shefu akapanda kwa biro, na kiisha saa moja karani akatuambia barua ya kufukuza imekwisha andikwa, inangoja tu mukono wa mukubwa. Yule kijana alikuja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini: «Baba, nitafanya nini? Bibi yangu iko na mimba ya miezi munane.»

Nawaambia ukweli, sikuwa na jibu. Na, Mungu anisamehe, mimi pia nilifikiri kosa ni lake.

Mashini ya kukata ilifunguliwa tena polepole, kusudi waone kosa. Na yule kijana, kwa hofu ya kupoteza mukate, akaanza kufanya kitu ambacho hakuna mutu alimuagiza. Kila bati likipita, alinyoosha mukono kulisukuma vizuri, karibu na vizuio, mashini ikitembea. Bati lile ni kali kama wembe. Na vidole vya chuma vyenye kusukuma bati havijui kama ni bati ao ni mukono.

Kulikuwa na muzee mumoja, fundi wa visu, mutu wa maneno machache. Hakupiga kelele. Alikwenda mbio kwa kifungo chekundu, mashini ikakufa. Kiisha akamushika kijana bega.

«Mwanangu, ondoa mukono pale. Kazi utapata ingine. Kidole hakioti kama muhogo.»

Kijana akalia mbele yetu sote.

Yule muzee akaokota vipande vibaya, labda makumi mawili, toka mwanzo wa fungu, toka katikati, toka mwisho. Akavipanga juu ya meza. Akatwaa rula, akapima ile nafasi tupu kwa ncha ya kuume na kwa ncha ya kushoto. Kuume, karibu milimetre ine. Kushoto, hakuna kitu: verni ilifika mpaka ukingoni. Kipande cha pili, vile vile. Cha kumi, vile vile. Cha mwisho, vile vile.

Akamuita shefu, akamuambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo:

«Shefu, mukono wa mutu ukikosea, unakosea leo hapa, kesho pale. Unatetemeka. Angalia hii: makosa yote yanasimama pahali pamoja kama askari. Hii haiko kosa la mukono. Hii ni kosa la pembe.»

Tukaenda sote kwa fungu. Kila fungu lilikuwa na karatasi yenye mushale, ambayo watu wa verni walibandika upande wa mbele, kuonyesha pembe waliyotumia. Tulizunguka fungu lile. Karatasi ilikuwa nyuma, inaangalia ukuta. Zamu ya usiku walileta fungu kwa njia nyembamba, gari lao la kunyanyua likashindwa kugeuka, basi wakaliingiza kwa upande wa pili. Fungu lilizungushwa nusu ya duara.

Kwa macho huwezi kuona kitu: verni ni zahabu pande zote, mistari mitupu ni sawa pande zote. Lakini watu wa verni walipima toka pembe hii, na watu wa visu walipima toka pembe ya ng'ambo. Mabati ya siku ile yalizidi kipimo kwa milimetre mbili. Zile mbili zikaingia kati ya vipimo viwili, na zikakula nafasi yote ya kusude. Kila mutu alifanya kazi yake vizuri kabisa. Visu vilikuwa sawa. Vizuio vilikuwa sawa. Kijana alikuwa sawa. Hawakupima tu toka pembe moja.

Barua haikutiwa mukono. Shefu aliirudisha ndani ya meza. Hakusema pole, kwa sababu mashefu wengine hawajui neno lile. Lakini toka siku ile watu wa verni walipewa kopo ya rangi nyekundu na burashi. Kila fungu likiisha, wanavuta mustari mwekundu juu ya pembe moja, toka bati la juu mpaka la chini. Hata usiku, hata mutu asiyejua kusoma, anaona wekundu uko wapi. Mustari mwekundu ukienda pembe ya vizuio, fungua mashini. Usipoenda, zungusha fungu kwanza.

Kijana alibakia. Mutoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kike.

Mambo matano ya kushika

Ndugu zetu wengi wanafanya kazi mbele ya mashini, kama si za makopo, ni za mbao, za karatasi, za kukata nondo, za kusaga. Mambo haya ni ya wote.

1. Mbele ya kufungua mashini, jua vizuio vyako vitatu viko wapi. Vifute. Punje moja ya muchanga juu ya kizuio ni kosa katika kila kipande cha siku nzima.

2. Weka alama juu ya pembe ya kupimia, alama ambayo mwenzako wa zamu ingine ataiona bila wewe kumuelezea. Fundi akienda kulala, alama inabakia kazini.

3. Kosa likitokea, usianze kutafuta mutu. Kusanya vipande, vipime. Kosa lenye kubadilikabadilika, angalia kitu chenye kulegea: mpira wa kunyonya, musukumo, mukono. Kosa lenye kusimama pahali pamoja, angalia pembe na vizuio.

4. Usisogeze kizuio kusudi kufunika kosa la mwenzako. Ukisogeza leo, kesho fungu zuri likifika, wewe ndiye utaliharibu.

5. Mukono usiingie mashini ikitembea. Hata bati limepinda. Hata shefu anakuangalia. Simamisha, kata umeme, weka kufuli, ufunguo ukae katika mufuko wako wewe, si wa mwenzako. Kiisha ndipo unyooshe bati.

Na kwa upande wa mama

Mustari wa kopo ukiwa mubaya, tundu lake linaweza kuwa dogo hata jicho halioni. Lakini vidudu vya ugonjwa vinaliona. Basi mukinunua kopo sokoni, geuza na kuangalia. Kopo yenye kuvimba juu ao chini, usinunue. Kopo yenye kutoka maji kwa mustari, ao yenye kukunjwa vibaya pale kwenye mustari ao kwenye ukingo wa kifuniko, usinunue, hata kama ni bei ya chini. Na kama umeifungua nyumbani, chakula kikaruka na nguvu ao kunuka, usionje hata kidogo kwa ncha ya ulimi kusudi ujue. Iko sumu moja yenye kukaa ndani ya makopo mabaya, haina harufu wala ladha kila mara, nayo inaweza kuua. Tupa mbali, pale watoto na imbwa hawafiki. Kupoteza kopo moja si kupoteza mutu.

Pembe ya nyumba

Muniruhusu neno la mwisho. Toka nimeacha kiwanda kile, mara nyingi watu wananiita kusuluhisha bwana na bibi. Baba anasema: «Mimi ninalea watoto vizuri.» Ni kweli. Mama anasema: «Na mimi vilevile.» Ni kweli. Na watoto wanatoka wapotovu. Wanasukumiana: ni weye, ni mama yako, ni ile masomo, ni ule mutoto mwenyewe, kichwa yake ni nguvu. Na mara nyingi ni mutoto, kama yule mulishaji, ndiye anangojewa na barua ya kufukuza, juu hana mutu wa nyuma ya kumusukumia kosa.

Mimi sasa ninauliza ulizo la yule muzee: kosa hili linabadilikabadilika, ao linasimama pahali pamoja? Kama kila siku ni ugomvi mumoja, juu ya franga, juu ya saa ya kurudi, juu ya jamaa ya bwana na jamaa ya bibi, basi usitafute mukono wa nani ulitetemeka. Tafuta pembe. Baba anapima toka kwa baba yake, mama anapima toka kwa mama yake, wote wawili ni wafundi wazuri, na ile tofauti ya milimetre mbili inamuangukia mutoto.

Nabii Amosi aliona Bwana akisimama na kamba ya kupimia ukuta mukononi. Kamba ilikuwa moja. Hakukuwa na moja ya baba na moja ya mama.

Mangaribi hii, kiisha kula, twaeni karatasi ya mutoto, kibao na misumari mitatu. Fanyeni jaribio lile pamoja. Watoto watacheka, watauliza juu ya musumari wa ine. Wakiisha kulala, ninyi wawili mubakie kidogo karibu na mbabula, na muulizane bila kelele: kwetu, mustari mwekundu tuuvute juu ya pembe gani?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.